Nili au maziwa: kisa cha sebule moja ya Bombo

Sebule yenyewe si kubwa: mita 5 kutoka mashariki hadi magharibi, mita 4 kutoka kaskazini hadi kusini, na dari iko mita 2.8 juu. Iko Bombo, wilaya ya Luweero, kilomita kama 35 kutoka Kampala kwenye barabara ya kwenda Gulu. Mwenye nyumba ni mama wa Kinubi aliyekwisha kuhiji, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina. Ni Hajati tu. Nyumbani wanazungumza Kinubi. Mimi ni mtu wa Busia, Kinubi changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo kazi yote tuliifanya kwa Kiswahili.

Aliyeniita ni mwanawe, anayeishi Kampala, na ndiye aliyekuwa analipa. Alitaka kuta zote nne zipakwe nyeupe ya maziwa, ile yenye unjano kwa mbali inayopakwa katika nyumba nyingi za kupangisha. Hajati alitaka nili. Hakusema bluu. Alisema nili, na nilipofungua kadi ya rangi akaweka kidole juu ya iliyokolea kuliko zote, hatua moja tu kabla ya nyeusi.

"Mama, hilo litakuwa pango," mwanawe akasema.

"Na hiyo yako ni rangi ya mtu asiyejua atakaa siku ngapi," Hajati akamjibu bila kumtazama.

Sababu yake ilikuwa ukutani tayari. Hajati anafuma tabaga, vile vifuniko vya chakula vya mviringo ambavyo wanawake wa Kinubi huvifuma kwa nyuzi za rangi kali: nyekundu, zambarau, manjano, chungwa, kijani. Alikuwa na kumi na moja. Ukuta wa zamani ulikuwa wa maziwa uliochakaa, na juu yake tabaga zile zilionekana kama nguo zilizoanikwa, kila moja inapiga kelele peke yake. Aliwahi kuziona za jamaa yake zikiwa zimetundikwa kwenye ukuta mzito huko Entebbe, na tangu siku hiyo hakuwa na amani.

Kwa kawaida ugomvi wa namna hii mafundi tunaumaliza kwa kugawa: kuta tatu za mwana, moja ya mama, kila mtu aende akalale. Nilikuwa na jibu hilo mfukoni kabla sijavua viatu mlangoni. Lilikuwa jibu la nusu. Halikusema ukuta upi uwe wa nili, na halikuuliza kama ile nyeupe ya maziwa ilifaa hata kwenye hizo tatu zilizobaki.

Nyuma ya kadi nyingi za rangi kuna namba ambayo wateja hawaisomi. Inasema rangi inarudisha mwanga kiasi gani, kuanzia 0 kwa nyeusi kamili hadi 100 kwa nyeupe kamili. Maziwa ya mwana ilikuwa karibu na 80. Nili ya mama ilikuwa 6. Maana yake, mwanga ukiupiga ukuta wa maziwa, sehemu kubwa inarudi chumbani kutafuta ukuta mwingine. Ukiupiga ukuta wa nili, karibu wote unamezwa pale pale. Chumba chenye nili pande zote nne kingehitaji taa saa saba mchana, na kwa hilo mwana alikuwa na haki. Lakini aliposema pia kwamba rangi nzito itazidisha joto ndani, nilimkatalia. Joto la sebule ile linatoka juu, kwenye mabati, na nje rangi ya ukuta inaweza kuwa na neno, ndani haina. Kama ana shida na joto, aanze na dari.

Nilikata mbao nne za plaiwudi, sentimita 60 kwa 60. Mbili nikazipaka maziwa, mbili nili, mikono miwili kila moja, yaani kila ubao ukapakwa mara mbili, na pembeni nikaacha ukingo mweupe wa vidole vitatu ili jicho lisidanganywe na ukuta wa zamani. Kipande kidogo cha kadi hakisaidii kitu katika chumba. Kila rangi ikikuzwa inaongeza sauti. Mbao hizo tulizihamisha ukuta hadi ukuta kwa siku nne, tukizitazama saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Hajati alikuwa na kidaftari. Mimi niliamini kumbukumbu yangu, na siku ya tatu ikabidi niazime kidaftari chake.

Siku ya kwanza tu, saa nne asubuhi, nyeupe ya maziwa iliacha kuwa nyeupe. Kwenye ukuta wa kusini, ule unaotazamana na dirisha kubwa, iligeuka rangi ya embe linaloanza kuiva. Mwana alikuwa amesharudi Kampala, nikampigia picha nikamtumia. Akajibu kwamba simu yangu mbovu.

Hapa inabidi nieleze dirisha hilo. Liko ukuta wa kaskazini. Ni rahisi kukumbuka, kwa sababu kutoka Bombo kibla ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo, na Hajati anaposali sebuleni analielekea dirisha. Mwana alikuwa amesoma kwenye intaneti kwamba chumba cha kaskazini kina mwanga baridi wa kibluu, kwa hiyo kipakwe rangi yenye joto, na ndiyo maana alichagua nyeupe yenye unjano. Ushauri huo si wa uongo, ila umeandikiwa watu wa London, ambako jua limelala upande wa kusini karibu mwaka mzima. Bombo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Hapa jua linapita utosini mwezi wa tatu na tena mwezi wa tisa. Kati ya hapo, ikifika mwezi wa sita, saa sita mchana linakuwa limeegemea kaskazini kiasi cha nyuzi 23, na mwezi wa kumi na mbili limeegemea kusini karibu kiasi hicho hicho. Dirisha la kaskazini kwetu ni la jua nusu mwaka na la kivuli nusu mwaka.

Hata hiyo nusu ya jua, mchana haifiki ndani. Upenu wa nyumba umetoka sentimita 60. Jua la mwezi wa sita likiwa juu kabisa, upenu huo unashusha kivuli cha karibu mita 1.4 ukutani, na dirisha lenyewe lina kimo cha mita 1.2. Limefunikwa lote. Basi mwanga unaoingia unatoka wapi? Sehemu unatoka mbinguni, na sehemu kubwa unatoka chini. Mbele ya dirisha kuna uwanja wa moramu, udongo mwekundu uliofagiliwa kila asubuhi hadi ukawa laini kama kitambaa, bila jani hata moja. Jua linaupiga uwanja, uwanja unaurusha mwanga juu ukiwa umeshatiwa rangi, unapenya chini ya upenu na kugonga dari na ukuta wa kusini. Sebule ya Hajati inaangazwa na udongo wake.

Ukishaliona hilo, nyeupe yenye unjano ni kumwongezea chumvi mtu aliyeshalalamika kwamba mchuzi umezidi.

Nilimweleza Hajati, nikiwa nimejiandaa kwa maelezo marefu ya rangi zinazopingana kwenye duara la rangi. Hakuyahitaji.

"Tia nili," akasema.

Nikadhani amerudi kwenye ukuta wake. "Hajati, tumekubaliana nili ni ukuta mmoja."

"Mwanangu, sisemi ukuta. Wewe hukuwahi kufua kanzu? Nguo nyeupe ikipata unjano unatia nili kidogo kwenye maji ya kusuuzia. Haiwi bluu. Inakuwa nyeupe. Hata chokaa cha nyumba ya zamani mama mkwe alikitia."

Nimepaka rangi miaka kumi na minne na sikuwahi kuliunganisha beseni na ukuta. Bluu inaufuta uchungwa kwa sababu kila moja inameza kile ambacho mwenzake anakirudisha, na hiyo ndiyo kazi ya nili kwenye kanzu. Nilichukua nyeupe tupu isiyo na unjano, nikaitia rangi ya kukolezea ya bluu kwa matone, na tone moja la nyeusi ili isije ikawa bluu ya kitanda cha mtoto. Nikapaka ubao wa tano. Nje, barazani, ubao ule ulikuwa baridi, rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji. Mtu akiuona pale asingeununua. Tulipouingiza na kuusimamisha ukuta wa kusini ukawa mweupe, basi, mweupe tu. Hajati akatabasamu, akaenda kuchemsha chai.

Mwana alipokuja Jumamosi hatukumwambia kitu. Tuliziweka mbao mbili kando kwa kando ukutani na kumwuliza maziwa yake ni ipi. Akaonyesha yenye bluu.

Nili ya ukutani ilitusumbua zaidi. Ukuta wa kaskazini na wa magharibi nilizikataa mapema kwa sababu zina madirisha. Dirisha ni kipande cha mwanga mkali. Ukilizungushia rangi ya 6, jicho linapambana na tofauti ile kila unapotazama upande huo, na mtu anayekaa hapo unamwona kivuli tu. Ukuta wenye dirisha uwe mwepesi. Watu wengi wanafanya kinyume, wanapenda dirisha "lionekane", kisha wanashangaa kwa nini pazia halifunguliwi mchana. Kwa Hajati kulikuwa na jambo la ziada, maana ukuta wa kaskazini ndio anaouelekea kwenye sala, naye hakutaka kitu cha kumvuta macho pale.

Ukabaki wa kusini na wa mashariki. Mimi nilikuwa upande wa kusini: unatazamana na mlango wa barazani kwa pembeni, mgeni akiingia anauona kwanza. Mbao zikanikatalia. Ule mwanga wa udongo unaopiga ukuta wa kusini siku nzima una uchungwa mwingi na bluu kidogo, na nili haina cha kurudisha ila bluu. Pale ilionekana kama makaa yaliyozimwa juzi. Kwenye ukuta wa mashariki, ambao dirisha la kaskazini linaufikia kwa upande tu na mwanga wa mbingu una nafasi yake, ilibaki bluu kutoka asubuhi hadi alasiri. Saa kumi na moja jioni jua lilishuka chini ya paa la baraza, likaingia kwa dirisha dogo la magharibi na kuugonga ukuta huo moja kwa moja. Hapo nili ikadhurika, ikawa na hudhurungi fulani mbaya kwa muda wa kama saa nzima.

"Saa hiyo niko nje napepeta mchele," Hajati akasema. "Uwe mbaya, nani anautazama?"

Kisha likaja lile ambalo sikulipanga. Jua likishazama, kwetu giza haliendi polepole. Una kama dakika ishirini. Katika dakika hizo, kabla taa haijawashwa, nyekundu za tabaga zilikufa kwanza, zikawa nyeusi, huku nili nyuma yake ikionekana kung'aa kuliko ilivyokuwa mchana. Jan Evangelista Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, alilieleza jambo hilo karne ya 19: mwanga ukipungua, jicho linaipoteza nyekundu mapema na kubaki na bluu. Hajati alilieleza kwa kuzima taa tena na kumwita jirani aje aone.

Taa yenyewe ilikuwa tatizo. Balbu iliyokuwepo ilikuwa ile nyeupe kali ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: ikiwa kubwa mwanga una ubluu, ikiwa ndogo una unjano), inayouzwa kila duka, na chini yake nyeupe yetu yenye tone la bluu ikawa zahanati. Mchana udongo unaisawazisha. Usiku hakuna udongo. Tulibadilisha balbu mbili tukaweka za kelvini 3000, zenye manjano, na nyeupe ikarudi mahali pake. Kama Hajati angekataa kubadilisha balbu ningepunguza matone kwa nusu. Hili ningependa mafundi wenzangu walizingatie kuliko yote niliyoandika hapa, kwa sababu wateja wetu wengi sebule wanaiishi usiku, na sisi tunawaonyesha rangi mchana.

Hesabu ya rangi haikuwa na fumbo. Kuta zote nne ni mita za mraba 50.4; ukitoa milango miwili na madirisha mawili, karibu 8, zinabaki 42. Ukuta wa mashariki hauna tundu, ni 11.2. Nyeupe basi ni 31, kwa mikono miwili 62, na kwa kuwa lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hupaka mita kama 10, makopo mawili ya lita 4 yalitosha na kubaki. Nili ilihitaji mikono mitatu, rangi nzito haifuniki kwa miwili hata muuzaji akiapa. Kopo moja la lita 4. Makopo mawili ya nyeupe niliyamimina kwenye ndoo moja na kuyakoroga pamoja kabla ya kupaka. Rangi iliyotiwa matone kwa mkono haifanani kopo kwa kopo, na tofauti unaiona kazi ikishakauka, katikati ya ukuta.

Mwana alitaka nili yenye kung'aa kidogo ili ifutike kwa kitambaa. Nilikataa, kwa sababu ukuta wa mashariki unapata mwanga wa ubavu kutoka dirisha la kaskazini, na mwanga wa ubavu juu ya rangi nzito inayong'aa unaonyesha kila wimbi la mwiko wa mwashi. Tulipiga msasa, tukajaza mabonde, tukapaka isiyong'aa. Hasara yake ni kwamba ukiisugua inaacha alama ya kung'aa, na vumbi jekundu linaonekana juu yake kama poda. Hajati anaupangusa kwa ufagio laini kila Ijumaa. Kulikuwa na wazo la kupaka nili chini na nyeupe juu, kuzunguka chumba chote, kama shule nyingi zinavyofanya kuzuia uchafu wa mikono. Hajati aliliua kwa neno moja, akisema hataki wageni wake wangoje kuitwa na daktari.

Tabaga zilipotundikwa tukapata mshangao wa mwisho. Za manjano na chungwa ziliruka kutoka ukutani, vizuri mno. Za zambarau, alizozipenda kuliko zote, zilibadilika: wekundu ulijitokeza na ubluu wake ukapotea. Hazikuwa zimechujuka. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyekuwa akisimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, aliletewa malalamiko ya namna hiyo hiyo kuhusu nyuzi nyeusi. Akakuta nyuzi ni nzima, kinachozibadilisha ni rangi ya jirani yake, na mwaka 1839 akachapisha maelezo marefu juu ya jambo hilo. Ukuta wa bluu unakisukuma kila kilicho juu yake kuelekea uchungwa. Ndiyo hiyo hiyo iliyotusaidia pembeni, ambako nyeupe yetu inakutana na nili: karibu na bluu nzito, tone la bluu lililomo kwenye nyeupe halionekani kabisa. Zambarau nne Hajati alizihamishia ukuta wa kusini. Zikapona.

Mwana aliniomba kipimo cha nyeupe ile apake kwake. Nikamwuliza mbele ya dirisha lake kuna nini. Kuna maegesho ya magari, matofali ya saruji ya kijivu. Sikumpa kipimo.

Kosa langu lilitokea mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokolea. Hajati alinipigia simu, ukuta wa nili umeota ndevu. Chini, karibu na kona ya kaskazini, palikuwa na unga mweupe umechomoza kupitia rangi, eneo la kama sahani mbili. Ni chumvi ya ukuta: maji yanapita ndani ya matofali na plasta, yanabeba chumvi, yanafika usoni yanakauka na kuiacha pale. Nje ya kona hiyo limesimama tangi la maji ya mvua, na bomba linaloshuka kutoka paani lilikuwa limefunguka kwenye kiungo, likimwagia ukuta. Nilipita hapo mara ishirini wakati wa kiangazi sikutazama juu. Kwenye ukuta wa maziwa chumvi ile ingekaa mwaka mzima bila mtu kuiona. Kwenye nili inaonekana kutoka barabarani.

Tuliziba kiungo, nikaisugua chumvi kwa brashi kavu, maana ukiiosha kwa maji unairudisha ndani, nikauacha ukuta wazi hadi mwezi wa pili ukauke. Niliporudi nikapaka kwa akiba iliyobaki koponi, nusu lita na kidogo. Kiraka hakikufanana sawasawa na ukuta uliokwisha kukaa miezi minane. Jua la saa kumi na moja likiingia, mpaka wake unauona. Nilisema nitarudi kuupaka ukuta wote. Hajati akavuta kapu kubwa la nyuzi zake akaliweka pale, akaniambia nisimharibie pesa mtoto.